Upare kwa Njia ya Mashariki

Msafiri wa basi anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi huijua milima ya Upare kwa upande mmoja tu. Akishapita Mombo na Mkomazi, milima inamwandama mkono wa kulia, kame, yenye mawe na vichaka vya miiba, kupitia Hedaru na Makanya hadi Same. Hapo anashuka, ananyoosha miguu, anakunywa chai, anapanda tena. Anaondoka akiamini kwamba ameiona Upare. Kumbe ameiona kisogoni.

Uso wake uko upande wa pili. Pale Mkomazi pana njia inayochepuka kuingia katika bonde lililo kati ya Upare na Usambara. Inapita Bendera, Kihurio, Ndungu, Maore na Kisiwani, halafu inazunguka na kutokea Same mjini, mwendo wa kilomita karibu 100. Vituo hivi havitajwi sana magazetini, labda mvua ikikata barabara. Hata hivyo, mtu anayetaka kujua Upare Kusini iliingiliana vipi na dunia, nini kililetwa na nini kilitoka, ni heri aanzie huku. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wageni walibisha hodi kwa mlango wa mashariki. Mlango wa magharibi ulikuja kupata umaarufu baada ya Wajerumani kutandika reli.

Bendera yenyewe iko kwenye kona ya kusini mashariki ya Wilaya ya Same, chini ya milima, ikitazamana na ukuta wa Usambara ng'ambo ya bonde. Tambarare hii ni kavu. Mvua nyingi huishia juu, ambako upepo unyevu wa Bahari ya Hindi hugonga miteremko na kuacha maji yake kwenye misitu inayozunguka kilele cha Shengena, chenye kimo cha takriban mita 2,460. Kutoka huko hushuka mito kama Yongoma na Hingilili, na tambarare huishi kwa hisani yake. Mlimani kuna mvua, migomba na baridi. Bondeni kuna joto, malisho na ardhi pana. Familia nyingi za Vaasu, kama Wapare wanavyojiita, zimekuwa na mguu mmoja juu na mmoja chini tangu zamani, na mengi katika historia yao yalitokana na kupanda na kushuka huko.

Ushahidi wa kale zaidi wa njia hii umo ardhini. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba Gonja Maore na kukuta vyungu vya aina ya pekee, vya karibu karne ya 9, vikapewa jina la mahali hapo. Miongo kadhaa baadaye Jonathan Walz alilipekua bonde la Mkomazi na Pangani na kuonyesha kwamba shanga na makombe ya baharini yalifika huku karne nyingi kabla ya misafara ya pembe za ndovu inayosimuliwa vitabuni. Mtu wa Gonja wa wakati huo huenda hakuwahi kuiona bahari, lakini vitu vyake alivijua.

Juu milimani, sifa ilikuwa ya chuma. Mafundi wa ukoo wa Washana, hasa kule Ugweno katika Upare Kaskazini, walikusanya mchanga mweusi wenye madini ulioletwa na vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mishale na mikuki. Majirani wa Uchagani, wenye ardhi nono isiyo na madini, walikuwa wateja wao wakubwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuyachapisha mwaka 1969, aliandika kwamba Washana ndio waliokuwa watawala wa Ugweno hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Kwa masimulizi hayo, Mranga wa Wasuya ndiye aliyeijenga upya dola ile, akiweka mabaraza na kuipa jando ya msituni, mshitu, nafasi ya shule ya utawala. Upare Kusini haikupata mfalme mmoja wa namna hiyo. Kila bonde lilikuwa na mtawala wake, mfumwa, na kila ukoo mahali pake pa matambiko.

Kilichowaunganisha watu wa kusini zaidi ya mfumwa kilikuwa maji.

Mpare alijenga ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe kwenye mteremko, linalokinga maji ya kijito usiku kucha wakati watu wamelala. Alfajiri huzibuliwa, na maji yakiwa na nguvu ya kutosha hushuka kwa mfereji hadi mashambani. Bila ndiva, kijito chembamba kingekauka njiani kabla ya kufika shamba la tatu. Ndiva nyingi bado zinafanya kazi, kwa mfano zile za Bangalala na vijiji vingine vinavyopakana na Makanya, na watafiti wa umwagiliaji kutoka nje wamekuwa wakizifuata kujifunza. Hata hivyo, ustadi mkubwa uko katika utaratibu kuliko katika ukuta wa udongo. Kila mtu ana zamu yake. Mfereji ukijaa matope, mbiu hupigwa na watu hutoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo asiyefika hulipa faini. Anayeiba maji ya mwenzake huitwa mbele ya wazee.

Utani wa Tanzania unasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wachaga huusimulia kwa furaha kubwa, na Wapare wenyewe hucheka. Atakayekaa siku moja kwenye kikao cha kugawa zamu za maji wakati wa kiangazi ataona sababu: pale ambapo saa moja ya maji ni gunia la mahindi, kujua haki yako na kuitetea kwa maneno ni sehemu ya kilimo.

Karne ya 19 ilileta wageni wengi zaidi bondeni. Misafara iliyotoka Pangani na Tanga kwenda Taveta na Kilimanjaro ilikuwa na njia mbili: moja ikifuata mto Pangani magharibi mwa milima, nyingine ikipita bonde la mashariki kwa Gonja na Kisiwani. Njia ya mashariki ilikuwa na vyakula. Wapagazi waliochoka walipata ndizi, mahindi na mbuzi kutoka milimani, na wenyeji walipata shanga, waya na nguo. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani wakapiga kambi, baadhi wakaoa, na Kiswahili kikashika mizizi bondeni mapema kuliko milimani.

Nguo iliyotamba ilikuwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Baada ya Sultani Seyyid Said kutiliana mkataba na Marekani mwaka 1833, meli za Salem ziliishusha Unguja kwa robota. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, lakini pamba yake ilichumwa na watumwa katika majimbo ya kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861, pamba ikaadimika, na katika soko la Unguja nguo za Uingereza na India zikaichukua nafasi ya merikani. Watu waliopimiana nguo hiyo Gonja kwa mikono na dhiraa hawakuwa na habari kwamba mateso ya shamba la ng'ambo yalikuwa ndani ya uzi wake. Bonde lao nalo lilikuwa karibu kuingia katika biashara hiyohiyo ya watu.

Mwaka 1862 alifariki Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, na ufalme wake wa ukoo wa Wakilindi ukagawanyika kwa vita vya kurithi. Semboja, aliyekaa Mazinde penye njia ya misafara, alipata bunduki kwa wafanyabiashara wa pwani na kulipa kwa pembe na mateka. Tambarare ya Upare Kusini ilikuwa karibu mno naye. Watu walikimbilia juu. Mapango ya milimani yaliyowaficha bado huonyeshwa kwa wageni. Waliobaki bondeni waliishi kwa kuchunga shingo zao, na mashamba mengi ya chini yakarudi kuwa pori.

Wamisionari walipofika waliwakuta watu wengi wakiishi juu, nao wakapanda. Mwaka 1903 Wajerumani wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifungua kituo Giti, kule Mamba. Hapo ndipo Kanisa la Waadventista Wasabato lilipoanza katika nchi inayoitwa leo Tanzania, na ndiyo sababu siku ya Jumamosi baadhi ya vijiji vya Upare Kusini huwa kimya kama miji mingine siku ya Jumapili. Mwenzao Ernst Kotz aliandika sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, iliyotoka mwaka 1909, na Agano Jipya la Chasu likachapishwa mwaka 1922. Walutheri wa Leipzig nao walijenga Mbaga, alikokaa Jakob Dannholz, aliyeandika kitabu juu ya imani na matambiko ya Wapare. Nyumba yake ya mawe huko Mbaga imekuwa nyumba ya wageni. Pamoja na Uislamu uliopanda kutoka bondeni, Upare Kusini ikawa nchi ambayo ukoo mmoja unaweza kuwa na Msabato, Mlutheri na Mwislamu, wote wakila sufuria moja ya makande.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, kisha Buiko, na mwaka 1911 ikaingia Moshi. Wahandisi walichagua upande wa magharibi, kwenye tambarare iliyonyooka. Hedaru, Makanya na Same, sehemu zilizokuwa na miiba mingi kuliko nyumba, zikawa stesheni. Same ikakua hadi kuwa makao ya wilaya. Gonja na Kisiwani, vituo vya misafara vilivyokuwa na jina hadi pwani, vikaachwa kando, na Bendera na Kihurio vikawa njiani kwenda kusikokuwa na treni.

Vita Kuu ya Kwanza ilikumbusha kidogo umuhimu wa zamani. Mwezi Mei 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalipokuwa yakiwasukuma Wajerumani kusini, kikosi kikuu kilipita magharibi mwa milima, lakini vingine vilipita mashariki mwa milima kupitia Gonja ili kumzunguka adui. Kwa majuma machache bonde lilijaa askari, nyumbu na wapagazi. Wakapita, vumbi likatua.

Lakini ulimwengu ulikuwa na njia nyingine ya kuingia, na safari hii ulikuja kama mmea. Mwaka 1892 mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alikuwa akitafuta zao litakalostahimili ukame wa Afrika Mashariki. Alisoma habari za mkonge wa Yucatán, Mexico, lakini wenye mali hawakutaka miche itoke. Akaipata kwingine: Florida, jimbo la kusini kabisa mwa bara la Marekani, ambako daktari Henry Perrine alikuwa ameuingiza mkonge katika miaka ya 1830, kabla ya kuuawa kisiwani Indian Key mwaka 1840 wakati wa vita na Waseminole. Hindorf aliagiza miche 1,000. Ilisafiri kupitia Hamburg, mingi ikanyauka njiani. Iliyofika Tanga hai mwaka 1893 ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani.

Kutokana na miche hiyo 62, mkonge ulienea bonde zima la Pangani hadi kuingia Upare. Makanya na Ndungu zikapata mashamba makubwa, mistari ya kijani iliyonyooka hadi jicho lichoke, na milingoti ikichomoza juu ya mimea iliyozeeka. Mashine iliyoitwa korona ilisaga majani mchana kutwa, singa zikaanikwa juani zikawa nyeupe. Wafanyakazi walioitwa manamba waliletwa kutoka mikoa ya mbali, kila mmoja na kipande chake, na vibanda vyao vikachanganya makabila ambayo bonde halikuwahi kuyaona pamoja. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka.

Kabla ya mporomoko huo, Wapare walikuwa wameonyesha kwamba ubishi wao si wa kuku tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza kwa kushirikiana na machifu wa wilaya ilianzisha kodi mpya iliyoitwa mbiru. Juu ya kodi ya kichwa iliyokuwa sawa kwa wote, kila mwanamume angekadiriwa mali yake na kuongezewa. Nani angekadiria, na kwa kipimo gani? Watu walipouliza, majibu hayakuwaridhisha. Mwezi Januari 1945 maelfu waliteremka kutoka milima ya kaskazini na kusini, wakaenda Same na kupiga kambi wakidai kodi ifutwe. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Hawakubeba silaha. Walikuwa tayari kulipa kodi ya zamani, ila mbiru walisema hawaitambui. Walikaa majuma kadhaa, chakula kikiletwa kutoka nyumbani kwa zamu, kwa nidhamu ileile ya msaragambo.

Wanawake hawakubaki nyuma. Kule Usangi mamia yao walimfuata mkuu wa wilaya na kumpa chaguo moja kati ya mawili: ama amalize mgogoro ili waume zao warudi nyumbani, ama awatie mimba wote yeye mwenyewe. Historia ya utawala wa kikoloni ina madai mengi, lakini machache yaliyomwacha ofisa bila jibu kiasi hicho. Hatimaye kodi ya mbiru iliondolewa. Katika miaka hiyohiyo ukazaliwa umoja wa Wapare, na waliokuwa wamejifunza kuandika malalamiko na kuendesha mikutano wakawa na mazoezi ya kutosha chama cha TANU kilipoanza mwaka 1954.

Upande wa mashariki ulianza kuangaliwa tena maji yalipogeuka kuwa mradi wa taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Japani, mto Yongoma ulikingwa na kuelekezwa kwenye skimu ya Ndungu, majaruba ya mpunga ya hekta 680 chini ya milima. Ni wazo lilelile la mfereji, ila kwa saruji na mageti ya chuma. Mchele wa Ndungu ukawa na jina sokoni, na bonde lililokuwa likinunua chakula wakati wa ukame likaanza kuuza. Mashindano ya maji kati ya wakulima wa juu na wa chini hayakuisha kwa saruji. Vikao viliendelea, na wanasheria wa kijiji hawakukosa kazi.

Mlimani, kwenye tarafa ya Mamba-Vunta, zao la biashara lililochukua sauti ni tangawizi. Hulimwa kwenye vijishamba vya miteremko yenye unyevu, na kila msimu malori hupanda kona za kutisha kuifuata. Wakulima wa Mamba Miamba walijenga kiwanda chao kupitia ushirika ili kuiuza ikiwa imesindikwa, mradi uliopigiwa debe sana na Anne Kilango Malecela alipokuwa mbunge wa Same Mashariki, jimbo linalozijumuisha pia Bendera, Kihurio na Ndungu.

Kwa mgeni anayetaka kuyaona haya yote kwa macho, Same imebarikiwa kuwa na mbuga na msitu katika wilaya moja. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,000, inapakana na Tsavo ya Kenya, na lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same mjini. Ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 kabla ya kupandishwa hadhi katika miaka ya 2000. Humo kuna choroa na swala twiga, wanyama wa nchi kame ambao mtalii wa Serengeti hawaoni, na faru weusi waliorudishwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997 chini ya uangalizi wa Tony Fitzjohn, aliyewahi kufanya kazi na George Adamson wa simba. Mbwa mwitu nao walizalishwa hapo na kuachiwa. Hifadhi hii ina upande wake mchungu: wafugaji waliondolewa mwaka 1988, na baadhi yao walilipeleka suala hilo mahakamani hadi Mahakama ya Rufani.

Msitu ni Chome, hifadhi ya mazingira asilia inayoufunika Shengena. Mikulo, miti mikubwa ya mbao, iliuponza msitu huu kwa wapasuaji wa magendo kwa miaka mingi. Waliobaki kuwa na raha ni ndege. Mmoja wao, mdogo, wa kijani, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, haonekani kokote duniani isipokuwa milima hii ya Upare Kusini. Anayeupanda Shengena kutoka Chome au Mbaga hulala kwenye baridi kali, hupewa makande ya mahindi na maharage yaliyoiva polepole, na akiwa na bahati ya sherehe ataonjeshwa dengelua, pombe ya miwa.

Kwa sasa wageni wengi huanzia Same, kwa sababu barabara kuu ya lami inapita huko. Barabara ya mashariki imekuwa ya vumbi na matope kwa miaka mingi, na abiria wa Bendera wanajua maana ya basi kukwama kwenye korongo mvua ikinyesha mlimani huku bondeni jua likiwaka. Serikali imeanza kuijenga kwa lami, kipande kwa kipande, kati ya Same, Kisiwani, Ndungu na Mkomazi. Kazi hiyo ikikamilika, mchele wa Ndungu na tangawizi ya Mamba vitateremka kuelekea Tanga na Dar es Salaam bila kuzunguka Same, na gari la watalii litaweza kuzunguka milima yote ya Upare Kusini kwa siku moja, likipita Bendera kwa njia ileile waliyoipita wapagazi wa Pangani.